"HANA HATIA" MAANA YAKE NINI?

Wamezuka watu wanaojiita wenye busara, ambao kila mtu anapotuhumiwa jambo huwa hawana la kusema ila maneno mawili: "Lisemwalo lipo." Wakisha kuyatamka hayo huona wamekwisha sikiliza mashahidi, wamepima hoja na wamekata hukumu. Korti yao haina mlango wala saa ya kufunga. Hukaa barazani, sokoni, na hata matangani. Leo tumekusudia kusema nao, na tunawaomba wasomaji wetu wawe mashahidi baina yetu na wao.

Kwanza na tuitazame lugha yetu wenyewe. Mswahili husema "hana hatia", "hana kosa", "hakutenda", na yote hayo ni maneno ya kukanusha. Wako wanaodhani kuwa huu ni upungufu wa lugha. Sisi twaona ni hekima. Ukarimu una jina kwa sababu ni jambo ambalo mtu hulitenda, na elimu ina jina kwa sababu mtu huitafuta. Lakini kutokuwa na hatia si kitu cha kutafutwa wala cha kununuliwa, wala hapewi mtu na mkubwa wake. Ndipo mahali anaposimama kila mja kabla hajasemwa. Hatia ndiyo inayoletwa, na kitu kinacholetwa hakikosi mletaji, na mletaji hana budi kuulizwa amekitoa wapi.

Wanavyuoni wa fiq-hi waliifanya hii kuwa kanuni tangu zama za kale, kwamba asili ya dhima ya mtu ni kuwa safi, na anayedai ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Anayekana hana juu yake ila kiapo. Waingereza nao katika mwaka 1935, kwa ulimi wa Lord Sankey katika kesi ya kijana Woolmington aliyeshitakiwa kumwua mkewe, walikata shauri katika korti yao ya juu kabisa kuwa kazi ya kuthibitisha kosa ni ya mshitaki, wala si kazi ya mshitakiwa kuthibitisha usafi wake. Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ukaliandika jambo hilo hilo katika kifungu cha 11 cha Tangazo la Haki za Binadamu. Basi kanuni ipo, na hapana anayeipinga kwa mdomo. Ugomvi wetu ni juu ya vitendo.

Tutaleta mfano mmoja, wala hatuutoi katika nchi isiyo na korti wala mawakili. Twautoa Uingereza, dola ambayo kwa miaka mingi ilijifanya mwalimu wa haki kwa watu wa visiwa na mabara. Na tumeuchagua mfano huu kwa kuwa waliodhulumiwa ni watu wa kazi yetu, wenye maduka.

Huko Uingereza posta nyingi za vijijini na mitaani si majumba ya serikali. Mtu mwenye duka lake la mikate na magazeti huweka meza ya posta upande mmoja, akauza stempu, akawalipa wazee pensheni zao, na akapata ujira kwa kazi hiyo. Posta yenyewe ni mali ya dola. Mwaka 1999 Posta ilianza kuwapelekea watu hao kompyuta zenye mpango wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni iliyokuwa mikononi mwa Fujitsu ya Japani. Kabla ya hapo hesabu nyingi ziliandikwa kwa mkono juu ya karatasi. Baada ya hapo ziliandikwa na mashine, na mwenye duka akawa hawezi tena kuona ndani ya daftari lake mwenyewe.

Haukupita muda ila upungufu ukaanza kuonekana. Mtu alifunga duka jioni, akahesabu fedha zake akaziona sawa, na mashine ikamwambia kuwa amepungukiwa na mamia au maelfu ya pauni. Mama mmoja wa Hampshire alipiga simu kuomba msaada alipoona upungufu wa pauni 2,000. Akafuata maagizo aliyopewa, na upungufu ukageuka pauni 4,000 mbele ya macho yake. Watu waliopiga simu kama hiyo walijibiwa mara kwa mara kuwa hapana mwingine aliyelalamika, ni wao peke yao. Na Posta ikashikilia kuwa kwa mujibu wa mkataba upungufu huo ni deni juu ya mwenye duka. Watu wakalipa kwa akiba zao, wakakopa kwa jamaa zao, wakaweka nyumba zao rehani. Waliokuwa hawana cha kulipa wakapelekwa kortini kama wezi.

Baina ya mwaka 1999 na mwaka 2015 walihukumiwa watu zaidi ya 900, na wapatao 700 katika hao walishitakiwa na Posta yenyewe.

Sisi tunaouza kwa vibaba na kuandika mikopo twajua jambo ambalo mabwana wale hawakutaka kulijua. Droo na daftari vikikhitalifiana, wenye kushukiwa ni watatu. Huenda mkono umechukua, huenda kalamu imekosea, na huenda daftari lenyewe lina ukurasa uliopotea. Mwenye duka mwenye akili hukagua daftari, halafu huirudia kalamu, na mwisho kabisa ndipo humtazama mtoto wa dukani usoni. Kwani akianza na mtoto, na kosa likaja likaonekana katika daftari, hapana sabuni itakayoosha neno alilokwisha kulitamka. Posta ya Uingereza ilianza na mkono na ikaishia na mkono. Daftari lilikuwa lake, na kwa ajili hiyo daftari halikushukiwa.

Na tazameni nani alikuwa nani katika kesi hizo. Aliyedai kuibiwa ni Posta. Aliyetuma wapelelezi ni Posta. Aliyefungua mashitaka ni Posta, kwani sheria ya nchi ile huruhusu mshitaki asiyekuwa wa serikali kupeleka kesi ya jinai kortini. Mashine iliyotoa ushahidi ni mali ya Posta, na fedha zilizolipwa ziliingia katika mfuko wa Posta. Wahenga wetu walikwisha kutuonya juu ya kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Lakini hapa nyani hakuwa na haja hata ya kumtafuta ngedere, alikaa mwenyewe katika kila kiti ila kile cha hakimu.

Ama hakimu, naye alifungwa macho na sheria. Sheria ya mwaka 1984 ilitaka kila anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwanza kuwa kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Kifungu hicho kilifutwa kwa sheria ya mwaka 1999, na kufutwa huko kukaanza kutumika mwaka 2000, wakati ule ule ambapo Horizon ilikuwa ikienea katika maduka. Tangu hapo korti ikachukulia kuwa mashine ni salama mpaka mwenye kuipinga alete dalili ya kasoro. Lakini muuza magazeti wa kijijini ataitoa wapi dalili hiyo, ilhali siri za mashine zimefungiwa kwa Posta na Fujitsu? Zingatieni jambo hili vizuri. Kanuni ile haikufa, ilihamishwa. Kutokuwa na hatia kulivuliwa kwa binadamu kukavishwa kompyuta. Mashine ikadhaniwa kuwa safi mpaka ithibitishwe kinyume chake, na mtu akaambiwa athibitishe usafi wake.

Hapa wenzetu wa "lisemwalo lipo" hunyanyua vidole na kuuliza, "Kama hawakuiba, mbona wengi wao walikiri?" Twawajibu. Mwenye duka alipofika mwisho wa muda wa hesabu hakuweza kuendelea na biashara mpaka akubali kuwa hesabu zimelingana. Basi akaandika kuwa zimelingana, apate kufungua mlango kesho yake, huku akitumai kuwa kosa litaonekana. Alipofikishwa kortini alikuta mashitaka mawili, la wizi na la kuandika hesabu za uwongo. Kisha wengine wakaambiwa kuwa wakikubali la pili na kulipa fedha, na wasiilaumu Horizon, basi la wizi litaondolewa na huenda wakaepukana na gereza. Yule mama wa Hampshire alikubali kwa njia hiyo, na watu wa kijiji chake wakachanga fedha za kumsaidia na wakaenda kortini kumsimamia. Mtu anayechagua baina ya watoto wake na jina lake hakukiri. Amekamuliwa.

Na aliyekataa kukiri alipata nini? Mama mwingine, mwenye posta katika kijiji cha West Byfleet, alisema kweli toka mwanzo hadi mwisho kuwa hakuiba. Alishitakiwa kuiba pauni zipatazo 74,000. Katika Novemba mwaka 2010 akahukumiwa kifungo cha miezi 15, naye ni mja mzito, na siku hiyo mwanawe mkubwa alikuwa akitimiza miaka kumi. Hukumu ilipotoka, wakili wa Posta aliwaandikia wenzake akitumai kuwa kesi hiyo itawatisha washitakiwa wengine wasithubutu kuisingizia Horizon. Tunawaacha wasomaji waipime furaha hiyo.

Wala msidhani kuwa wakubwa wale walikuwa hawajui. Katika Julai 2013 wakili mmoja aliyekuwa akiwafanyia kazi aliwaandikia kuwa shahidi wao mtaalamu hakuiambia korti kasoro za mashine alizokuwa akizijua. Baada ya onyo hilo mashitaka yalififia. Lakini wale waliokwisha kufungwa hawakuambiwa lolote. Waraka huo uliwafikia mikononi mwaka 2020. Kwa miaka saba watu walibaki na jina la mwizi, na karatasi iliyoweza kuwavua jina hilo imo kabatini.

Sasa twarudi kwa wenye busara wa barazani, kwani Posta haikuwa na nguvu ya kuwaua watu kwa aibu bila ya msaada wao. Korti humfunga mtu miezi. Jirani humfunga umri. Wenye maduka walitukanwa njiani, wateja waliwahama, na watoto wao walionewa shuleni kwa kuitwa watoto wa wezi. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Sir Wyn Williams, katika sehemu ya kwanza ya ripoti yake iliyotolewa Julai 2025, ilisema kuwa huenda watu wasiopungua 13 walijiua kwa sababu ya mambo haya. Hao hawakuuawa na mashine. Mashine haijui aibu ni nini. Waliuawa na maneno ya watu walioona kuwa likisemwa lazima lipo.

Aliyesimama dhidi ya yote hayo ni mwenye duka mmoja aitwaye Alan Bates, aliyekuwa na posta huko Craig-y-Don katika mji wa Llandudno. Yeye alikataa kukubali upungufu ambao hakuonyeshwa asili yake, na mwaka 2003 Posta ikauvunja mkataba wake. Mwaka 2009 akawakusanya wenzake, na hapo ndipo wengi wao walipojua kwa mara ya kwanza kuwa yale maneno ya "ni wewe peke yako" yalikuwa uwongo. Watu 555 wakaishitaki Posta. Mwaka 2019 Jaji Fraser aliamua kuwa Horizon ilikuwa na kasoro zinazoweza kuzua upungufu usiokuwapo, na akaufananisha ubishi wa Posta na ubishi wa anayeshikilia kuwa dunia ni bapa. Posta ikatoa pauni milioni 57.75 kumaliza shauri, lakini fungu kubwa lilikwenda kwa mawakili na waliogharimia kesi, na kila mdai akaambulia wastani wa pauni 20,000 hivi. Tarehe 23 Aprili 2021 Korti ya Rufaa ikafuta hukumu za watu 39, akiwamo yule mama wa West Byfleet. Watatu katika hao walikuwa wamekwisha kufa. Na katika Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu za mamia waliobaki kwa mara moja.

Hata hapo wenye busara hawakunyamaza. Walisema kuwa kwa kuwasafisha wote pamoja, huenda wezi wa kweli wachache wakapita. Twasema, na iwe hivyo. Aliyeuharibu ushahidi ni mshitaki, na hasara ya ushahidi ulioharibika haimwangukii mshitakiwa. Mtu akitia mchanga katika mizani yake mwenyewe hana haki ya kulalamika kuwa mteja fulani huenda amezidishiwa. Na serikali ilimtaka kila anayepokea fidia atie saini kuwa hakutenda kosa, na akithibitishwa kuwa amesema uwongo aweza kushitakiwa. Hicho ndicho kiapo cha mwenye kukana, nacho chatosha mahali ambapo mdai hana ushahidi.

Lakini msione kuwa kisa kimekwisha kwa heri. Nchi hiyo hiyo, katika mwaka 2014, ilibadilisha sheria ya fidia ya waliofungwa kimakosa katika England na Wales. Tangu hapo haimtoshi mtu kuwa hukumu yake imefutwa na korti. Akitaka fidia ya serikali yampasa aonyeshe, pasipo shaka ya maana, kuwa hakulitenda kosa. Watu wawili waliopinga sharti hilo, mmoja amekaa gerezani miaka 17 na mwenziwe zaidi ya miaka 7, walifika mpaka Korti ya Haki za Binadamu ya Ulaya; na katika Juni 2024 majaji walio wengi wakasema kuwa sharti hilo halikuvunja haki yao. Yuko pia mtu aliyefungwa Manchester mwaka 2004 kwa kosa la kunajisi, akakaa miaka 17. Angelikiri angeliweza kutoka miaka mingi kabla, lakini hakukubali kujisingizia. Alisafishwa Julai 2023, na mpaka mwezi uliofuata kanuni ziliruhusu fidia ya watu kama yeye ikatwe gharama za chakula na malazi walizozipunguza kwa kukaa gerezani. Yaani mtu atozwe ada ya kudhulumiwa! Kelele za watu ndizo zilizoifuta kanuni hiyo.

Basi maana ya neno letu imegeuzwa mara mbili. Kabla ya hukumu, mtu huambiwa athibitishe kuwa mashine imekosea. Baada ya hukumu kufutwa, huambiwa athibitishe kuwa yeye hakukosea. Wapi basi atasimama huyu maskini akaitwa hana hatia bila ya kulipia?

Tuliposoma chuoni tulifundishwa kisa cha Nabii Yusuf. Kanzu yake ilichanwa kwa nyuma, na kwa dalili hiyo ukweli ulijulikana nyumbani kwa bwana wake. Na juu ya hayo akatiwa gerezani, kwa kuwa kumfunga kulikuwa kwepesi kuliko kumwaibisha mkubwa. Miaka ikapita, mfalme akapeleka mjumbe amtoe. Yusuf hakutoka. Alimrudisha mjumbe akaulize kwanza habari za wale wanawake, mpaka waliomsingizia wakakiri kwa vinywa vyao. Wengi husimulia uzuri wake na ndoto zake, wakalisahau jambo hili, ambalo kwetu ndilo kilele cha kisa. Mlango ulikuwa wazi, naye akauchagua ukweli kabla ya mlango. Alijua kuwa anayetoka kwa hisani ya mfalme aweza kurudishwa kwa hasira za mfalme, bali anayetoka kwa haki hadaiwi na mtu. Msamaha hupewa mkosa. Asiye na hatia akisamehewa, ametukanwa mara ya pili kwa sauti ya upole.

Na jambo hili latuhusu sisi tunaosoma karatasi hii, kwani hesabu zetu nazo zimo ndani ya mashine ambazo hatuzioni ndani yake. Fedha zatumwa kwa simu, mizigo yaandikwa kwa kompyuta, bili za maji na umeme zatoka kwa hesabu za mbali. Siku mashine itakaposema kuwa fulani amepungukiwa, tukumbuke Llandudno na West Byfleet, tuulize maswali kwa mpangilio wake: Nani anayedai? Daftari ni la nani? Nani amelikagua asiyekuwa mwenye daftari? Na fedha zikilipwa zitaingia mfuko gani? Mpaka maswali hayo yajibiwe, kazi yetu kwa aliyetuhumiwa ni moja tu: tumnunulie bidhaa zake kama jana, tumwitikie salamu yake kama jana, na mwanawe acheze na wanetu kama jana.

Ama nyinyi wenye "lisemwalo lipo", tunakubaliana nanyi kwa neno moja. Lisemwalo lipo, kweli. Lipo mdomoni mwa aliyelisema. Mwambieni alitoe hapo alilete kortini, na lije na ushahidi wake.